Bi Verla Kvamme na Siku Moja ya Januari 1954

Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025, saa kumi alasiri, Bi Verla Kvamme atazima kompyuta yake, atachukua koti lake la manjano kwenye ndoano ambayo hakuna mwingine anayethubutu kuitumia, na atastaafu baada ya miaka arobaini na miezi miwili ya utumishi katika ofisi yetu ya mafao hapa Halvdal. Wengi wetu hatujawahi kuiona ofisi hii bila yeye. Mimi ninayeandika haya, Terry Ruud wa meza ya pili, nimepewa ukurasa mmoja na nusu wa programu hii ya kumuaga. Nimechukua zaidi, na sitaomba radhi.

Bi Verla alizaliwa mwaka 1958, binti wa dereva wa lori la maziwa. Alianza kazi Juni 1985 kama mpiga chapa, na anakiri mwenyewe kwamba alikuja kwa msimu mmoja tu, mpaka apate pesa ya kununua gari. Gari alilinunua, likaoza kwa chumvi ya barabarani, akanunua lingine, nalo likaoza, na yeye bado yuko. Mwaka 1989 alipandishwa cheo kuwa afisa wa maombi. Tangu hapo amepita mikononi mwa wasimamizi tisa, mifumo minne ya kompyuta, na mashine moja ya kahawa ambayo tulimficha funguo zake. Kahawa ya Bi Verla, tuseme ukweli siku ya leo, ni maji ya moto yaliyoonyeshwa kahawa kwa mbali.

Kazi aliyobobea ni ile ambayo wengi wetu tulikuwa tukiikwepa: mafao ya wanandoa. Mtu mmoja peke yake ni rahisi. Umefanya kazi miaka kadhaa, umetimiza umri, unaomba, unalipwa. Wawili wakiwa wameoana, mambo yanaingiliana. Kila mmoja ana fungu lake alilolifanyia kazi, na kila mmoja anaweza kuwa na fungu analolipata kupitia kwa mwenzake. Huyu hawezi kupata la mwenzi mpaka yule awe ameomba la kwake. Yule akiwahi kuomba, fungu linapungua, na huenda likabaki limepungua hivyo hata siku atakapoliachia mjane wake. Saini moja ya mume ya Jumatatu asubuhi inaweza kuamua mke atakula nini miaka ishirini baadaye.

Na hapa kwetu, mnajua wenyewe, mume huja ofisini peke yake. Mke yuko hapo nje, ndani ya pikapu, injini inanguruma, anafuma soksi au anasoma gazeti. Hakukatazwa kuingia. Ni vile tu ilivyozoeleka, kwamba mambo ya serikali ni ya mzee, na mama anasubiri waende dukani.

Bi Verla hakuizoea desturi hiyo hata siku moja. Mwanamume akiketi mbele yake, swali la kwanza lilikuwa, “Mwenzako yuko wapi?” Akijibiwa yuko garini, Bi Verla alivaa koti la manjano, akatoka kwenye baridi ya nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri, akagonga kioo. Nimewahi kumwona kutoka dirishani, mvuke unamtoka mdomoni, anamfungulia mlango mama mmoja ambaye alikuwa akitikisa kichwa kukataa huku ameshakusanya uzi wake wa kufumia. Mumewe ndani aliniambia kwa unyonge, “Sasa tutachelewa chakula cha mchana.” Mama yule aliingia, akaketi, akatoa kwenye mkoba faili la miaka thelathini na minane, kila karatasi na pini yake. Mzee alikuwa hajui lina nini.

Msimamizi mmoja, simtaji kwa kuwa amestaafu na kuhamia Florida na ana moyo dhaifu, alimwandikia barua ya kumkumbusha kwamba kazi yetu ni kutoa maelezo, si kushauri watu. Bi Verla alimjibu kwa sentensi mbili. “Mimi sishauri. Mimi nauliza.” Barua ile tuliibandika jikoni, na wageni wa mafunzo walikuwa wakipiga picha nayo.

Alichokuwa akiuliza kilikuwa ni kimoja, na alikiuliza kwa karatasi. Alichora mistari miwili, mmoja wa mume na mmoja wa mke, akaweka alama za miaka, halafu akaukata mmoja. Kisha akawatazama wote wawili. “Huyu aliyebaki hapa, atakuwa na nini?” Wapo waliocheka. Wapo walionuna. Mkulima mmoja wa viazi sukari aliinuka akaenda zake, akarudi baada ya siku tatu, akasema, “Nipe tena ile karatasi yako ya matanga.”

Ningeweza kueleza tuzo zake mbili za mkoa, mafunzo aliyoyaendesha katika ofisi kumi na moja, na mwaka ule wa mafuriko alipofanya kazi wiki sita ndani ya ukumbi wa kanisa kwa kalamu na kurunzi. Vyote vipo kwenye ubao pale mlangoni, mtasoma wenyewe. Mimi nataka kueleza habari ya Marlys Fossum, kwa ruhusa yake, kwa sababu habari hiyo ilinionyesha nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na saba pasipo kujua kazi yenyewe ni ipi.

Ilikuwa Januari 2020. Marlys alikuwa muuguzi wa hospitali ya wilaya, ametimiza miaka sitini na sita. Mumewe, Duane, alikuwa mkulima mwenye miaka sabini na mmoja, mashamba ameshayakodisha, na mafao yake alikwisha kuanza kuyapokea. Alikuwa na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka. Vuli iliyotangulia alianguka mara mbili jikoni wakati Marlys yuko kazini, mara ya pili alilala sakafuni kwa muda wa saa tano mpaka mkewe aliporudi. Daktari alisema mtu huyu asiachwe peke yake tena. Kwa hiyo yalikuwapo mawili: ama Marlys aache kazi akae naye, ama Duane apelekwe nyumba ya wazee, umbali wa maili arobaini.

Kuacha kazi kulihitaji kipato cha kuziba pengo. Marlys angeweza kuomba mafao yake mwenyewe, lakini alikuwa ameyafanyia kazi miaka arobaini, na akiyaacha hadi afike sabini yangenona kwa karibu theluthi moja. Wanawake wa ukoo wake wana maisha marefu. Mama yake alifariki ana miaka tisini na minane, bado anagombana na redio. Marlys alijua kwamba siku moja Duane hatakuwepo na yeye atabaki na robo karne ya kuishi kwa hicho atakachokuwa amekichagua.

Sasa sheria ilikuwa na mlango mmoja mdogo. Waliozaliwa kabla ya tarehe 2 Januari 1954 waliruhusiwa kuchagua: kupokea kwanza fungu la mwenzi peke yake, na kuliacha la kwao liendelee kukua. Waliozaliwa tarehe 2 na baada ya hapo, ukiomba moja umeomba yote mawili, basi. Cheti cha kuzaliwa cha Marlys kilisema tarehe 2 Januari 1954. Siku moja tu.

Marlys alikuja kwenye meza yangu, si ya Bi Verla. Duane alikuwa amekaa kando yake, mkono wake wa kulia unacheza juu ya goti, na Marlys ameufunika kwa wake. Niliangalia tarehe, nikaangalia sheria. Nikamwambia hapana, na nikasema nasikitika, na kweli nilisikitika. Duane akasema, “Sawa, Marlys. Nitaenda huko kwa wazee. Nasikia wana bwawa la kuogelea.” Marlys akamwambia, “Wewe hata kwenye beseni unaogopa maji.” Wakacheka wote wawili, halafu Marlys akaanza kulia, na mimi nikainuka kutafuta karatasi za kupangusia machozi ambazo kwa kweli zilikuwa hapo hapo mezani.

Nilikuwa kwenye kabati niliposikia kiti cha Bi Verla kikisogea. Alikuwa ameyasikia yote. Aliketi mahali pangu bila kuniomba.

“Ulizaliwa wapi, Marlys? Hospitali au nyumbani?”

“Nyumbani. Kulikuwa na dhoruba ya theluji, daktari hakufika mpaka barabara ikafunguliwa.”

“Na keki mlikuwa mkikata lini?”

“Tarehe mbili. Sikuzote tarehe mbili.” Marlys alijipangusa pua. “Ila baba alikuwa na kichekesho chake. Tarehe mosi, kabla hatujaenda kanisani, ananitia sarafu ya dola ya fedha kiganjani. Mimi tu, si kaka zangu. Nikiuliza ya nini, anasema ya bure. Kila mwaka mpaka alipokufa.”

Bi Verla aliweka kalamu chini. Baadaye nilimuuliza alikuwa anawaza nini, akanijibu kwamba akina baba wa Kilutheri wa mwaka 1954 hawakuwa na tabia ya kugawa sarafu za fedha bure.

Hakuwaahidi kitu. Aliwaambia warudi nyumbani na wasisaini chochote kwanza. Kisha akavaa koti lake, akaenda kwenye kanisa la mjini ambako kulihifadhiwa vitabu vya makanisa madogo ya shambani yaliyofungwa zamani. Mchungaji wa kina Marlys alikuwa mzee aliyeng'ang'ania kuandika Kinorwe, lugha ya wahamiaji waliotangulia hapa, hadi mwisho wa maisha yake, na karani wa kanisa hakuweza kusoma hata mstari mmoja. Bi Verla alilelewa na bibi aliyekuwa akimgombeza kwa lugha hiyo, akasoma bila shida. Marlys, binti wa Halvor Tveit na mkewe, amebatizwa tarehe 17 Januari 1954. Amezaliwa tarehe mosi Januari.

Aliporudi nilitaka kushangilia. Akanituliza. “Bado, Terry. Cheti kinasema hivi, kanisa linasema vile. Karatasi mbili zinabishana. Lazima nijue ni ipi iliyokosea, na kwa nini.”

Wazazi na kaka za Marlys walikuwa wamekwisha fariki, na daktari pia. Bi Verla akaenda maktaba, akafungua magazeti ya wiki ile. Wazee wetu watakumbuka desturi ya Mtoto wa Mwaka Mpya: mtoto wa kwanza kuzaliwa wilayani Januari, wenye maduka wanachangia zawadi, na picha inatoka ukurasa wa mbele. Mwaka ule zawadi zilikuwa kitanda cha mtoto, mablanketi, tani moja ya makaa, maziwa ya mwaka mzima na kikombe cha fedha. Mshindi alikuwa Leonard Pavlik, aliyezaliwa hospitalini tarehe mosi, saa tatu usiku.

Leonard nyote mnamfahamu, ni fundi wa kuchomelea vyuma aliye nyuma ya ghala la nafaka. Picha ile ya gazeti ameitundika karakanani ndani ya fremu, juu ya mitungi ya gesi. Kila Januari mgahawa wa Kona ulimpa pai ya bure kwa heshima ya kuwa wa kwanza wa 1954, na kila Januari alitoa hotuba ileile. Baba yake na Halvor Tveit walikuwa majirani, ua kwa ua.

Nilikwenda na Bi Verla siku alipomfuata Leonard karakanani. Njiani Bi Verla hakuzungumza, jambo lililonitia hofu kuliko barafu ya barabarani. Alikuwa anakwenda kumwomba mtu, kwa upole, akubali kuvuliwa kitu ambacho amejivunia maisha yake yote. Tulimkuta amevaa kofia ya chuma, cheche zinaruka. Bi Verla alisubiri amalize. Akamweleza moja kwa moja, bila kuzunguka: Marlys Fossum anahitaji kuthibitisha siku aliyozaliwa, kitabu cha kanisa kinasema tarehe mosi, na kama Leonard anajua lolote, hata dogo, tafadhali aseme.

Leonard alizima mtungi wa gesi. Akavua glavu, moja, halafu nyingine. Akatazama picha yake ukutani.

“Marlys ana shida gani?”

“Siwezi kukueleza mambo yake.”

“Ni Duane, siyo? Nimemwona kanisani Krismasi. Hawezi hata kushika mshumaa.” Akakaa juu ya ndoo. “Kaeni basi, mnanitia kizunguzungu. Hii habari baba alinipa nilipooa. Akaniambia nisiitoe mpaka nilazimike. Nadhani ndiyo leo.”

Akatueleza. Vuli ya 1953 banda la kina Pavlik liliungua na ng'ombe wote. Tarehe mosi Januari, asubuhi, mama yake akaanza uchungu, na theluji imefunga njia. Baba yake akatembea shambani hadi kwa Halvor kuomba trekta. Alipofika mlangoni akasikia mtoto mchanga analia. Halvor akatoka, hajalala, mikono imeloa, akasema ni msichana, amekuja saa kumi alfajiri. Kisha akawasha trekta, akawaburuta kina Pavlik na gari lao hadi mjini, maili tisa, siku ileile aliyopata binti yake.

“Basi wiki ile mtu wa gazeti akaja na kitanda na makaa,” Leonard aliendelea. “Baba akaona aibu. Akaenda kwa Halvor, akamwambia, bwana, hivi ni vyako, wako ndiye wa kwanza, nimemsikia kwa masikio yangu. Halvor akamwambia, daktari alikuja jana nikamwambia amezaliwa alfajiri ya tarehe mbili, na ameandika. Baba akasema, lakini nilimsikia! Halvor akamwambia, wewe ulisikia paka.” Leonard akacheka, akajipangusa uso kwa kitambaa chenye grisi, akabaki na mistari miwili myeusi mashavuni. “Paka! Basi hivyo ndivyo nilivyokuwa maarufu.”

Bi Verla alimuuliza kama yuko tayari kuyaandika hayo na kuweka saini, akijua ni tamko la kweli mbele ya serikali. Leonard aliomba kalamu. Aliandika kurasa mbili kwa herufi kubwa, na alipofika mwisho akauliza kama “mimi ni wa pili” inatosha au aongeze kitu. Bi Verla akamwambia inatosha. 

Jalada lilikamilika katikati ya Februari: kitabu cha ubatizo, ukurasa wa gazeti, tamko la Leonard, na maelezo ya Bi Verla ya kurasa nne, ambayo leo tunawapa waajiriwa wapya wasome kabla hawajapewa hata kiti. Hakuna neno moja la kupamba humo. Ameonyesha kwamba kitabu cha mchungaji kiliandikwa na mtu asiye na sababu ya kubadili tarehe, na kwamba cheti kilitokana na maneno ya mtu aliyekuwa na sababu, tena njema: kumwachia zawadi jirani aliyeunguliwa na banda. Jibu lilikuja Alhamisi ya wiki iliyofuata. Tarehe mosi Januari 1954 ilikubaliwa.

Nilikuwepo Bi Verla alipompigia simu Marlys. Alisema, “Marlys, wewe ni mkubwa kwa siku moja kuliko ulivyodhani.”  Halafu ofisi nzima tukasikia sauti ya Duane kwa nyuma, hafifu, lakini imeshiba furaha: “Mwambie nilijua! Nilijua nimeoa mwanamke mzee!” Tulipiga makofi mpaka wateja waliokuwa foleni wakapiga nao, bila kujua ni kwa ajili ya nini.

Marlys aliacha kazi mwisho wa mwezi huo. Alipokea fungu la mwenzi, lake akaliacha likue. Halikuwa fungu kubwa, lakini pamoja na la Duane na kodi ya mashamba, lilitosha. Leonard naye hakukubali mambo yaishie kwenye jalada. Alikwenda gazetini akadai masahihisho, mhariri akamwambia hawajawahi kusahihisha habari ya miaka sitini na sita iliyopita, Leonard akamjibu kwamba basi waanze. Yakatoka ukurasa wa mbele. Siku hiyohiyo akaenda kwa kina Fossum na kikombe cha fedha amekifunga kwenye kitambaa cha karakana. Marlys akakikataa. Walibishana mlangoni kwa ustaarabu wa kwetu, yaani muda mrefu na kwa sauti ya chini, mpaka Duane akasema yeye ndiye atakayekichukua, maana kina mpini na vikombe vyote vya nyumba hii vinamteleza. Mgahawa wa Kona, kwa taarifa yenu, sasa unatoa pai mbili kila Januari, na hotuba zimekuwa mbili pia.

Duane Fossum alifariki Novemba 2023, nyumbani kwake, kitandani kwake, dirisha linatazama mashamba yake. Hakuona bwawa la kuogelea la mtu yeyote.

Januari iliyofuata Marlys alitimiza miaka sabini. Alikuja kuomba mafao yake mwenyewe, yaliyokwisha kunona kama yalivyopaswa. Safari hii alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Bi Verla. Fomu ilichukua dakika kumi na tano. Waliandika, wakahakiki, Marlys akasaini. Bi Verla alimuuliza anaendeleaje, na sikukusudia kusikiliza, lakini meza zetu zimekaribiana. Marlys alisema, “Miaka mitatu na miezi minane, Verla. Kila asubuhi nilimfunga vifungo vya shati. Mimi, si mtu mwingine.”  Bi Verla aliushika mkono wake juu ya ile fomu, wakakaa hivyo, na simu ikalia, na hakuna aliyeipokea.

Hiyo ndiyo kazi ya Bi Verla Kvamme. Kwa hesabu yetu ya haraka amehudumia wanandoa zaidi ya elfu tisa. Hatujui majina ya wote, wala wengi wao hawajui kwamba kuna siku mtu fulani aliuliza swali moja zaidi kwa niaba yao. Wanakula, wanalipia joto la nyumba, wanazeeka pamoja, na yule anayebaki habaki mikono mitupu. Kwangu mimi huo ni ushindi, na ninautangaza hapa kwa sauti kwa sababu yeye hatautangaza.

Bi Verla, sisi wenzako wa Halvdal tunakushukuru kwa kazi, kwa vicheko, na kwa kutukera kila tulipotaka kumaliza haraka. Mimi binafsi nakushukuru kwa asubuhi ile uliyoketi kwenye kiti changu. Nenda ukapumzike na mumeo Orrin, mle mlichokifanyia kazi kwa miaka yote hii, na afya iwe nanyi wawili kwa wakati mmoja, na kwa muda mrefu.

Zawadi ya ofisi tulipanga itolewe na mkuu wa mkoa, lakini wiki iliyopita tulipokea ombi la mtu aliyesema amekwisha kushona nguo ya siku hiyo na hatakubali kukataliwa. Kwa hiyo, baada ya maneno haya kusomwa, tafadhali simameni nyote. Anayepanda jukwaani ni Bi Marlys Fossum, mzaliwa wa tarehe mosi Januari 1954.